Nimekupita, Dada

Leo nimetimiza hamsini na tatu.
Wewe uliishia hamsini na mbili
kasoro mwezi, mama hachoki kusisitiza,
kana kwamba mwezi ule ungetufaa kitu.
Basi nimekupita, Ndeshi.
Nani sasa amwamkie nani?

Nimesimama hapa Kidia, viatu vimelowa umande,
migomba bado inadondosha mvua ya usiku,
na neno limenikwama kooni
kama punje ya hindi la kuchoma.
Shikamoo.
Haya, limetoka. Mazoea hayahesabu miaka.
Zamani ulikuwa unajibu kabla sijamaliza,
marahaba yako ikinikuta njiani.

Miaka kumi na tisa ulikaa kwenye benchi
la kiwanda cha kukoboa kahawa, kule mjini,
ukichambua buni: nzima huku, mbovu kule,
iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika, nyeusi.
Vidole havikujua kustaafu.
Ulichambua mchele wa shughuli za watu usiowajua.
Hata pale KCMC, kitanda cha dirishani,
uliniomba kilo ya maharage mabichi.
"Mikono inaniwasha," ulisema,
na nesi akacheka, akakuazima sinia.
Ulimaliza kilo ile kwa siku tatu.
Ukabakiza mawe manne kwenye kifuniko cha dawa.
Ninayo.

Sasa nachambua mimi, na sijui kuchambua.
Kanisani walisema ulikuwa malaika.
Malaika gani aliniuzia maandazi yangu mwenyewe
nikiwa na miaka saba,
akanidai mpaka mwaka wa kipaimara?
Malaika gani alijua matusi ya Kichaga
ambayo baba aliyasikia kwako kwa mara ya kwanza?

Kisha ule mpaka.
Hatua tatu za ardhi kando ya mfongo,
migomba sita, mibuni miwili iliyochoka.
Niling'oa masale aliyopanda babu
nikayasogeza usiku, kwa tochi ya simu,
mimi, niliyesomeshwa kwa hela ya vidole vyako.
Asubuhi uliona. Hukupiga kelele.
Miezi mitano hatukuamkiana,
tukipishana njia ya Kiboriloni
kama watu wawili wanaodaiwa na mtu mmoja.

Desemba, nyumba imejaa wageni kutoka Dar,
ukasimama mlangoni kwangu
na jani la sale mkononi, limefungwa fundo.
Wewe. Uliyedhulumiwa. Mkubwa.
Jani hilo halikataliwi, kila mtoto wa mlimani anajua,
lakini hulibeba aliyekosa.
"Nimechoka kungoja ulilete," ukasema.
"Nimekuchumia. Shika, kisha unipe."
Nikashika. Nikakupa.
Ukapita jikoni kuuliza kama ndizi zimeiva.

Hiyo tu. Hukulitaja tena,
wala siku ile pumzi ilipokuwa fupi
na mimi nikitamani ulitaje, unitukane,
Kichaga chote kile, mpaka wodi nzima igeuke.

Masale yamerudi alipoyaweka babu.
Mengine yamezunguka kaburi lako,
yamenawiri kuliko kahawa yangu, kwa kweli inaniudhi.
Mlima umejifunika tangu Jumatatu.
Nimekuja na ungo na mchele kidogo,
nimekaa juu ya ndoo, nachambua,
watoto wa jirani wananichungulia uani.
Nimeona punje nyeusi, nikaitupa,
nikaifuata kwenye nyasi, nikaiokota:
nzima kabisa. Kilikuwa kivuli cha kidole changu.

Mwakani nitakuwa hamsini na nne,
nawe utakuwa palepale,
mdogo wangu mkubwa.
Shikamoo, nasema tena, polepole,
nikiacha nafasi katikati ya neno,
pale ulipozoea kunikatiza.